Programu Hii Inatangazwa kwa Mara ya Kwanza

Watu wanasema nina hasira. Sina. Nina kazi nyingi na subira ndogo, na hao wanaosema ndio wanaonimalizia ile ndogo niliyo nayo. Naitwa Aurelia, naandika programu za kompyuta nyumbani kwangu Mjimwema, hapa Songea, na mwaka jana nilianzisha podikasti, kipindi cha kusikilizwa mtandaoni, kwa ajili ya madevelopa, waandishi wa programu wenzangu. Kila wiki nilieleza makosa ninayoyaona kwenye programu za watu na namna ya kuyaepuka. Nilikuwa na wafuatiliaji tisa. Mmoja alikuwa mama yangu mzazi, na alikiri kwamba anaiwasha ili apate usingizi. Mwingine aliniandikia: "Dada, unafundisha vizuri, ila unatugombeza. Mimi nikikusikiliza naficha laptopu." Nikamjibu kwamba angeandika programu yake kwa akili asingekuwa na cha kuficha. Wakabaki wanane.

Mimi nilichotaka ni orodha. Kuna kikundi cha madevelopa mtandaoni, kila mwaka wanatoa orodha ya podikasti kumi zinazofaa kufuatiliwa, na nilikuwa naitaka hiyo orodha mpaka naiota. Wanane hawakupeleki huko, hata ukiwahesabu mara mbili.

Sasa, nina baba mdogo, anaitwa Tadei, anakaa Lizaboni. Huyu alisoma matangazo kanisani kwetu miaka ishirini na saba. Sauti nzito, imenyooka, akisema "Tangazo la kwanza" hata mtoto anayelia ananyamaza kwanza asikie kama ametajwa. Halafu kamati ya parokia ikaniomba niwatengenezee programu ya kuonyesha matangazo kwenye skrini ukutani. Nikaitengeneza, na ilikuwa nzuri jamani, maandishi makubwa, hata aliyesahau miwani anasoma. Jumapili ya kwanza watu wakapiga makofi. Nikasimama nikainama kidogo, nikaketi. Sikugeuka kumtazama baba mdogo aliyekuwa benchi la pili, na karatasi yake mfukoni.

Wiki tatu baadaye mkewe, mama mdogo Kunegunda, akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Aurelia, baba yako mdogo ananitangazia."

"Anakutangazia nini?"

"Kila kitu! Naamka, namkuta kasimama mlangoni mwa jiko: tangazo la kwanza, sukari imebaki vijiko vinne. Tangazo la pili, kuku mwekundu ametaga, tunampongeza. Juzi nimeunguza maharage, kayatangaza kwa mara ya kwanza, na kasema ataendelea nayo wiki mbili zijazo. Mwanangu, mimi niliolewa na mume, sikuolewa na ubao wa matangazo!"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Akishamaliza anakaa kitandani anashika magoti. Chakula hagusi. Jana kaniambia, Kunegunda, mtu akikosa wa kumsikiliza amekufa huyo, wamechelewa tu kumzika. Na aliyemwekea lile litelevisheni ni wewe. Mtafutie watu wa kumsikiliza."

"Nina wanane," nikasema.

"Basi mpe hao hao."

Alhamisi baba mdogo akaja amevaa koti lake la misa na tai. Nikamweka mbele ya maiki, nikampa karatasi yenye habari za programu niliyokuwa naijenga, ya kusajili watoto wa chekechea. Nikamwambia asome tu. Akaitazama maiki. Akanitazama mimi. Akairudia maiki.

"Watu wako wapi?"

"Watasikiliza baadaye, baba mdogo. Kila mtu kwake, kwa wakati wake."

"Sasa hapa namtangazia nani, hiki kijiti?"

"Jifanye wapo."

"Miaka ishirini na saba sijawahi kujifanya."

Tukajaribu mara sita. Sauti iliyokuwa ikitikisa madirisha ilitoka nyembamba, ikafia kwenye tai. Mara ya saba akasema kichwa kinamuuma. Hapo nikafoka, ndiyo, nikiri, nikasema mbona mimi naongea na hicho kijiti mwaka mzima na sijafa. "Ndiyo maana una wanane," akanijibu taratibu.

Mama mdogo akatoka bila kuaga. Baada ya nusu saa nasikia viti vinaburuzwa uani. Kaleta jumuiya ya sala ya mtaani kwangu! Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na kigoda chake, mtoto mchanga mgongoni mwa mmoja wao, na Mzee Beda ambaye kikohozi chake kinajulikana mtaa mzima. Wakajipanga sebuleni kwangu, wakanisukumia pembeni na laptopu yangu. "Mtu hutangaza kwa watu," mama mdogo akasema, akakaa mbele kabisa.

Mzee Beda akakohoa. Mtoto akalia. Baba mdogo akanyanyua kichwa, akavuta koti likakaa sawa, nikaona rangi inamrudia usoni.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina!" Taa nyekundu ya maiki iliwaka yenyewe kwa hofu.

Akasoma. Ila yeye anajua namna moja tu ya kusoma. Nilipoandika kwamba toleo jipya la programu litaunganishwa na lile la zamani, yeye akaona ndoa. Akalitangaza kama anavyotangaza wachumba kanisani, Jumapili tatu kabla ya ndoa: "Programu ya Kusajili Watoto, toleo la kwanza, anatarajia kuungana na toleo la pili, wote wa Mjimwema. Hili ni tangazo la kwanza. Yeyote ajuaye kizuizi cha kuwafanya wasiungane, atoe taarifa mapema."

Nilikuwa nampungia mikono aache. Hakuniona, au alijitia hamnazo. Na hapo Bibi Jane, bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akanyoosha mkono.

"Mimi ninacho."

"Bibi, huo ni mfano tu," nikasema.

"Mwache aseme," baba mdogo akaamuru. "Kizuizi ni kizuizi."

"Umesoma hapo kwamba mzazi asipoweka namba ya simu haendelei. Mimi nalea mjukuu, na simu sina. Mjukuu wangu abaki nje?"

"Utaazima ya jirani, bibi," nikamwambia.

"Ya jirani yupi, huyu tunayegombania naye mpaka wa shamba la mahindi? Mtoto akipata homa wampigie yeye?"

Miezi minne nimeijenga ile programu, nimeijaribu kwenye simu tatu za aina tatu, na sikuwahi kumwuliza mtu asiye na simu hata moja.

"Kizuizi kimepokelewa," baba mdogo akasema. "Tangazo la pili."

Kipindi kile nilikipakia mtandaoni kwa hasira, hata kikohozi cha Mzee Beda sikukikata. Kwa wiki moja tukawa na wafuatiliaji mia nne. Nikadhani simu imeharibika. Madevelopa wa Mwanza, wa Dodoma, wa wapi sijui, wakaanza kutuma mabadiliko ya programu zao wakiomba yatangazwe mara tatu, Alhamisi tatu, jumuiya isikie. Kijana mmoja wa Tunduru, Daimu, alituma programu ya wakulima wa korosho. Jumuiya ikamkuta na vizuizi vitatu, kimojawapo kwamba kitufe cha kukubali kiko jirani mno na cha kufuta, na mkulima ana vidole vya mkulima. Akarekebisha vyote, akaandika: "Mimi ni Muislamu, salamu ya mwanzo naiitikia kimoyomoyo kwa utaratibu wangu, lakini huyo mzee msimwondoe, wallahi." Tangu hapo baba mdogo akawa anaongeza, "Na asalaam aleikum kwa ndugu zetu wa Tunduru."

Akaanza kula. Mama mdogo akaniletea debe la mahindi mabichi kwa furaha, akasema maharage yake hayatangazwi tena, hata yakiungua mpaka sufuria. Na ile orodha ikatoka, na tulikuwa wa nne! Niliruka, nikajigonga mlangoni, kisha nikasoma waliyoandika: "Inaendeshwa na Mzee Tadei wa Songea. Kwa nyuma husikika mwanamke mmoja akifoka, mvumilieni." Nikawaandikia barua ndefu. Nikaifuta. Mgomvi nitakuwa mimi?

Sasa nifike kwenye kosa langu. Sixbert, katibu wa kamati ya parokia, alikuwa ameniomba kitambo niiongezee ile programu ya skrini sauti ya kompyuta, iwe inasoma matangazo yenyewe. Nikaimaliza wiki hiyo. Na kwa kuwa siku hizi hakuna programu yangu inayotoka bila kutangazwa kwanza, nikaichapa pamoja na nyingine, nikaiweka kwenye bunda la Alhamisi. Sikufikiri. Wanaosema nina hasira waseme na hilo, kwamba sikufikiri, nitakubali.

Baba mdogo akasoma la kwanza mpaka la nne vizuri. Akachukua karatasi ya tano.

"Programu ya Matangazo ya Parokia anatarajia kuungana na Sauti ya Kompyuta. Baada ya kuungana, sauti hiyo itasoma matangazo yote ya Jumapili." Akairekebisha miwani. "Msomaji hatahitajika tena."

Nikatamani sakafu inimeze mimi na laptopu yangu. Yeye hakuruka neno. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile, kwa sababu tangazo likishafika mkononi mwake hulisoma, hata liwe la msiba wake.

"Hili ni tangazo la kwanza. Yeyote ajuaye kizuizi..." Hakumalizia.

Mzee Beda alikibana kikohozi. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Mama mdogo Kunegunda akainuka, mkono kiunoni.

"Kipo! Mmoja wao ana ndoa! Hayo matangazo yalishafunga ndoa na Tadei miaka ishirini na saba iliyopita, na shahidi ni mimi, maana muda wote huo nimeishi mle ndani kama mke wa pili!"

Weee! Watu walicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Bibi Jane akanyoosha mkono, anacho. Mzee Beda akanyoosha, anacho, na kikohozi kikatoka chote. Wakanyoosha wote. Nikanyoosha na mimi.

Baba mdogo akanitazama juu ya miwani.

"Aurelia. Si wewe uliyeleta posa hii?"

"Ni mimi, baba mdogo."

"Una kizuizi gani na posa yako mwenyewe?"

Mimi sijawahi kupungukiwa maneno, mwulize yeyote Mjimwema. Siku ile niliyatafuta. "Sikukuuliza," nikasema. "Hii sikukuuliza, na ile skrini ya kwanza sikukuuliza. Nilipigiwa makofi nikanyamaza. Nisamehe, baba."

Akaikunja karatasi mara nne, taratibu, akaitia mfukoni mwa koti.

"Kizuizi kimepokelewa," akasema, na sauti ikamkatika hapo katikati. Akapenga kamasi, na kwenye kipindi linasikika, sikulikata. Kisha akavuta koti. "Tangazo la sita."

Kumbe Sixbert alikuwa mfuatiliaji wetu wa chinichini, kipindi kilipotoka alikisikiliza chote. Kesho yake akaenda Lizaboni na wajumbe wawili wa kamati kumwomba baba mdogo arudi kwenye matangazo, skrini ibaki ya maneno ya nyimbo. Nilikuwepo, nilipelekwa niombe radhi mara ya pili. Baba mdogo akawasikiliza, akawakaribisha togwa, akasema, "Nimewaelewa. Andikeni, mlete Alhamisi. Mtatangazwa mara tatu."

"Lakini mzee," Sixbert akasema, "sisi ndio parokia!"

"Na Daimu wa Tunduru alisubiri."

Wakasubiri wiki tatu, haki ya Mungu, Sixbert amekaa sebuleni kwangu kila Alhamisi kwenye kigoda cha kuazima akichungulia nani atanyoosha mkono. Hakunyoosha mtu.

Jumapili iliyofuata tangazo lao la tatu, baada ya komunyo, wale ambao desturi yao ni kuchomoka kabla ya matangazo wawahi uji, hawakuchomoka. Baba mdogo alipanda na karatasi yake. Alisoma matangazo saba, jozi mbili za wachumba, mfuko wa mbolea uliookotwa, mkutano wa kwaya, na kila neno lilifika mpaka kwa waliosimama nje. Akamaliza. Akakunja karatasi. Halafu mazoea yakamponyoka.

"Msisahau kutufuatilia," akasema kwa sauti ile ile, "na mwenye maoni aandike hapo chini."

Kanisa zima likaitika, "Amina!"

Nililia pale pale kwenye benchi, mbele za watu, mimi ambaye sililii hata vitunguu. Kisha nikatoa simu kwenye pochi nichungulie wafuatiliaji wamefika wangapi, na Bibi Jane akanifinya paja mpaka nikairudisha.