Siku Otilia Alipokataa Kunawa

Nilianza kutafuta wakili siku ile mwenye nyumba wangu wa nne aliponiambia nihame na usipa wangu. Hakunifokea. Aliniita barazani, akanipa kiti, akasema kwa upole kwamba wapangaji wenzangu wamechoka na harufu ya samaki, na mwisho wa mwezi anahitaji chumba chake. Miaka tisa nilikuwa nikileta usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay kuuza Mbinga mjini, na watu wale wale waliogombania kununua hawakutaka kulala jirani na magunia yangu. Nilimjibu kwamba nitahama, tena nikitoka hapo sihamii kwa mtu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unasema kwanza halafu mimi nautafutia njia.

Kwa bahati nyumba ilipatikana. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia na magari yao, na ghafla kila mtu Mbinga alikuwa na mpango wa biashara kichwani. Protasi, mtu wa Maguu, alitaka kuuza nyumba ya familia iliyokuwa pembeni ya mji ili anunue mashine ya kusaga na kuifunga Namswea. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati bado zuri, na nyuma yake uwanja mpana unaopigwa na upepo kutwa nzima. Nilipouona uwanja ule nilitamani kulia. Mama mmoja mzee alikuwa akiufagia, nikamwamkia, akaitikia na kuendelea kufagia. Nilidhani ni mtu wa kazi.

Tulielewana bei siku hiyo hiyo.

"Mtu wa kuandika karatasi mtafute wewe, Mama Aidan," Protasi aliniambia. "Mimi nitasaini popote."

Basi nikamtafuta wakili aliye wakili kweli. Nilipanda basi hadi Songea, nikaingia ofisi yenye mapazia, nikamkuta kijana mwenye tai na picha ya mahafali yake ukutani. Aliniuliza maswali matano, katibu wake akapiga chapa, muhuri mwekundu ukagongwa, nikaondoka na bahasha nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kwa kweli nilijiona mtu. Niliwaza jinsi nitakavyoagiza kufuli jipya na kupanga chanja zangu za kuanikia, na sikuwa na habari hata ya mashimo ya barabara.

Aliyenirudisha duniani ni mwenyekiti wa kijiji, Edmund, ambaye alipaswa kupiga muhuri wake chini ya ule wa wakili. Aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Huyu wakili amefika kuiona nyumba?"

"Afike kufanya nini? Yeye kazi yake karatasi."

"Ukitaka nipige muhuri sasa hivi, nitapiga," Edmund alisema. "Lakini hapa kwetu nyumba zikiuzwa huwa anaandika mzee Mansuetus. Mpelekee aione. Uamuzi ni wako, mama."

Mansuetus nilimjua kwa sura tu. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu, na watu walimwita Wakili kwa utani, ingawa hakuwa na tai wala pazia. Nilimkuta nyumbani kwake akigeuzageuza kahawa kwenye chanja. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za Nyasa?"

Nikampa bahasha. Hakuifungua. Aliendelea kupepeta kahawa kwa vidole, akitoa mbovu moja moja, huku mimi natokota.

"Nyumba hiyo," alisema mwishowe, "uwanja wake anafagia nani?"

"Kuna mama mmoja mzee."

"Anaitwa nani?"

Sikujua. Mzee Mansuetus alinitazama bila kunilaumu, akanirudishia bahasha yangu. Akasema Jumapili baada ya misa tukutane nyumbani kwa Protasi na ndugu zake, aisome karatasi mbele ya wote, tule, ndipo ataandika. Yeye haandiki mauzo ya nyumba kabla watu hawajakula. Nikamuuliza kula na karatasi vinahusiana vipi.

"Mwanangu, mimi nimekaa mahakamani miaka ishirini na sita. Kesi za nyumba nilizoandika, karibu zote zilianzia kwa mtu ambaye hakuitwa kula."

Wamatengo wana kikao chao wanakiita sengu, ukoo unakula pamoja na kuzungumza mambo yake. Nilikwisha kusikia kwamba zamani walikaa wanaume peke yao. Mansuetus alikuwa na sengu yake mwenyewe. Kwake lazima aketi kila aliyewahi kulala chini ya bati linalouzwa, awe mwanamume au mwanamke, na mnunuzi naye aketi. Asiyenawa mikono hajakubali, na asipokubali mtu mmoja kalamu inarudi mfukoni.

Nilitoka pale nimevimba. Protasi nilipomweleza alivimba kunishinda.

"Mzee huyo anapoteza muda wa watu! Karatasi ya Songea unayo, mwenyekiti yuko tayari, twende tukasaini leo yaishe."

Nami nilitaka yaishe. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki mwezi kwisha, na magunia yangu yalikuwa yanangoja kutupwa nje. Tuliondoka kabisa kuelekea kwa mwenyekiti. Ila njiani lile swali likawa linanisumbua. Nimekwenda Songea na kurudi, nimelipia muhuri, na sijui jina la mtu anayefagia uwanja wa nyumba ninayoinunua. Nikasimama.

"Yule mama anayefagia ni nani?"

Protasi aliangalia pembeni. "Ni dada yangu Otilia. Hana neno, yule."

"Kama hana neno, Jumapili atakula," nikamwambia. Hapo ndipo nilipomchagua mzee Mansuetus, na nikiri kwamba nilimchagua kwa hasira. Sikutaka kuja kusikia nyumba yangu ikitajwa mahakamani baada ya kuhama mara nne.

Jumapili nilikuja na mbasa wawili wakubwa waliofika asubuhi ile kutoka ziwani, nikawapika mwenyewe kwenye jiko la uani, nikawaunga kwa nyanya na vitunguu mpaka majirani wakachungulia. Nilitaka wajue ni mtu wa namna gani anakuja kukaa kwao. Tuliketi sebuleni kwenye mikeka, Protasi na mkewe Restituta, Otilia, mwenyekiti Edmund, mzee Mansuetus na mimi. Ugali wa mahindi ukaja, na maharage, na samaki wangu katikati.

Kabla ya chakula Mansuetus aliisoma karatasi ya Songea kwa sauti, neno kwa neno. Muuzaji, Protasi. Nyumba, ya matofali, vyumba vinne, pamoja na uwanja. Mnunuzi, Henry, wa Mbamba Bay. Henry ni kaka yangu. Mimi ndiye niliyemwambia wakili aandike hivyo, kwa kuwa mume wangu alikwisha fariki na niliamini karatasi yenye jina la mwanamume haichezewi. Henry mwenyewe hakuniomba, tena alinicheka. Lakini niliona nimefanya la busara, na jina hilo liliposomwa mbele ya watu wote sikushtuka hata kidogo.

Restituta akapitisha maji ya kunawa. Akanawa Mansuetus, akanawa Edmund, tukanawa sisi. Birika likafika kwa Otilia, naye akaacha mikono yake mapajani.

"Karibu maji, wifi," Restituta alisema.

"Asante," Otilia alijibu, na hakusogea.

Nami hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo watoto wa Protasi wakiniona wanacheka. Sisi wa ziwani tunajua utani wa watu wa milimani, kwamba Mnyasa akikukaribisha samaki kwanza mwangalie usoni, huwezi kujua amechanganya dawa gani. Ni utani, lakini una siku zake unauma. Nilimwona mama yule amekataa chakula changu mbele ya mwenyekiti, damu ikanipanda kichwani.

"Mama, mnadhani nimeweka nini humu?" nilisema, na kabla mtu hajajibu nilikwisha kukata pande la mbasa, nikalitia mdomoni, nikatafuna macho makavu nikimtazama yeye. "Haya! Nimekula! Nianguke sasa!"

Sikuanguka. Nilipaliwa na mwiba, ndicho kilichotokea, na Edmund ikabidi anipige mgongoni. Nilipopata pumzi nikamwona mzee Mansuetus anafunga kalamu yake taratibu na kuitia mfukoni, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye mkeka. Nikajua nyumba imekwenda.

"Samaki wako hawana kosa, mwanangu," Otilia alisema. Alikuwa na sauti ndogo, nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona. "Harufu yake nzuri. Mimi sijanawa kwa ajili ya karatasi."

"Dada, kama hutaki niuze ungesema," Protasi alisema.

"Uza. Nimechoka kukaa mjini, nataka nirudi Maguu. Nani amesema usiuze?"

"Basi unataka nini?"

Otilia alimgeukia Mansuetus, si Protasi.

"Niliporudi kutoka kwenye ndoa yangu, baba alikuwa ameshakufa na mibuni imeachwa inaota majani. Niliipalilia mimi. Nilichuma mimi, nikaosha, nikaanika, nikabeba kichwani mpaka chama cha ushirika. Mwanachama alikuwa Protasi, basi kila gunia likaandikwa Protasi. Bati hili lilinunuliwa kwa kahawa hiyo, risiti ikaandikwa Protasi. Leo nyumba inauzwa, nimesikiliza karatasi nzima imesomwa, nimengoja kama nitasikia jina langu, sijalisikia. Sidai kitu. Nataka niandikwe kwamba na mimi nilikuwepo."

Protasi alikuwa ameinamia mkeka. Hakuwa mtu mbaya Protasi, na sijawahi kusema alikuwa mbaya.

"Sikuwahi kufikiri, dada," alisema. "Haki ya Mungu, sikuwahi hata kufikiri."

"Najua," Otilia alisema. "Ndiyo maana nakuambia."

Protasi akainuka, akalichukua birika kutoka kwa mkewe, akapiga magoti mbele ya dada yake, akammiminia maji. Otilia alinawa polepole, kidole kwa kidole. Tukala, tukanawa tena. Mzee Mansuetus akaitoa kalamu tena mfukoni. Karatasi ya Songea aliikunja vizuri na kunirudishia na muhuri wake mwekundu, akafungua daftari lenye mistari, akaweka karatasi ya kaboni katikati ya kurasa mbili. Akaandika huku akitamka.

"Sisi, Otilia na Protasi, watoto wa baba mmoja, tumeuza nyumba yetu..." Akaendelea hivyo mpaka mipaka yote minne ikaisha, na majina ya majirani wa kila upande, ambayo wakili wangu hakuyauliza. Kisha akafika mahali pangu.

"Mnunuzi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Henry," nikasema.

"Henry ni nani?" Otilia akauliza.

"Kaka yangu, mama. Yuko Mbamba Bay."

"Amewahi kuiona nyumba hii?"

"Hajawahi."

"Pesa ya kununulia ametoa yeye?"

"Hapana, mama. Ni ya usipa wangu."

Otilia akamgeukia karani.

"Mimi huyo Henry simjui," alisema. "Kama muuzaji ni mimi, nimemuuzia huyu hapa."

Mansuetus akangoja, kalamu juu ya karatasi. Edmund akangoja. Nilitaka kueleza habari ya majina ya wanaume na uzito wake, maneno yote niliyokuwa nimejieleza mwenyewe kwenye basi la Songea, na nilipoyatafuta niliona haya kuyasema mbele ya mama yule. Nikamtajia mzee Mansuetus jina langu, Hilda, na la baba yangu, na la babu yangu, polepole ili asikosee, na nilipofika mwisho nilikuwa nalia waziwazi mbele za watu na wala sikujali.

Aliliandika lote. Otilia hakujua kuandika, akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kukigandamiza kwa nguvu mpaka Edmund akamwambia inatosha, mama, kimeshatoka. Protasi akasaini. Kisha Mansuetus akanigeuzia daftari, akanionyesha mstari wangu, nami nikasaini mwenyewe.