Jalada la Siku ya Kitabu

Jamani, kama kuna mtu anadhani kazi ya mwalimu wa darasa la pili ni kufundisha watoto kusoma, basi huyo hajakutana na mwalimu mkuu wa shule hii ninayoisimulia. Bwana yule hakupenda kitu duniani kama alivyopenda sherehe. Walimu walimwita Shamrashamra, kisogoni bila shaka, maana mbele yake nani angethubutu. Wiki haikupita bila siku maalumu. Leo Siku ya Rangi ya Njano, kesho Siku ya Kofia, keshokutwa Siku ya Wanyama wa Porini, ambayo watoto walinguruma mpaka mmoja akatapika kwenye dawati.

Na siku zote hizo lazima zipangwe. Wa kupanga nani? Mwalimu Miwani, wa darasa la pili. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa na mwandiko mzuri na mkono uliojua mkasi. Basi Shamrashamra akishapata wazo, alikuja mlangoni akitabasamu na kusema, "Mwalimu, ni kazi ndogo tu." Ndogo! Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye alileta wazo, akaenda zake ofisini. Mwalimu Miwani akabaki na gundi vidoleni.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa gundi. Kilichomuuma ni kwamba sherehe zote zilikula kutoka sahani moja, nayo ni kipindi cha kusoma, kile cha baada ya mapumziko. Hesabu haikuguswa kwa sababu wazazi waliiuliza. Michezo haikuguswa kwa sababu watoto wangelia. Kusoma hakukuwa na wa kukulilia, kwa hiyo kila mara mazoezi ya wimbo yakawekwa hapo, ukataji wa kofia hapo, upakaji rangi hapo.

Sasa humo darasani mlikuwa na msichana mmoja, wenzake wakimwita Dada Mkubwa. Alikuwa amerudia darasa la pili, na bado hakujua kusoma. Magoti yake yaligonga dawati kwa chini kila alipokaa. Akiitwa ubaoni, vidole vyake vilikamata pindo la sketi, na neno halikutoka. Mdogo wake alikuwa darasa la kwanza, mtoto mwepesi, anasoma hata vibao vya barabarani, na mwaka ujao angepanda kuja darasa la pili.

Siku moja, wakati wa kukusanya madaftari, msichana alisimama karibu na meza ya mwalimu na kusema bila kumtazama, "Mwalimu, mdogo wangu akinikuta humu, mimi shule sirudi tena."

"Utakwenda wapi?"

"Nitakaa nyumbani. Mama ana mtoto mchanga, nitambeba. Mama mwenyewe ameshasema kama haiingii, haiingii."

Mwalimu Miwani alimwangalia, akaona mtoto hatanii. Akamwahidi palepale: kila siku baada ya mapumziko, wakati wengine wanasoma kimyakimya, watakaa wao wawili pale mezani, wasome silabi kwa silabi mpaka kieleweke. Ahadi ni deni. Na Shamrashamra akaila ahadi ile yote, kofia kwa kofia, mnyama kwa mnyama, mpaka muhula wa mwisho ukabisha hodi na mtihani wa kusoma nyuma yake.

Maji yalipomfika shingoni, Mwalimu Miwani alipata akili, au alidhani amepata. Akamfuata mkuu ofisini.

"Mkuu, nina wazo la siku maalumu."

Shamrashamra nusura aruke kitini. "Wewe? Lete, lete!"

"Siku ya Kitabu. Tujiandae mwezi mzima, kila kipindi cha kusoma. Siku yenyewe wazazi waje, na kila mtoto asome sentensi moja mbele yao."

Alijiona mjanja. Adui yake alikuwa sherehe, naye ameipanda mgongoni. Mkuu alifumba macho, akachekacheka peke yake, kisha akayafumbua. "Safi sana. Watoto wavae vitabu!"

"Wavae?"

"Kila mtoto awe ukurasa! Karatasi ngumu, nje rangi, ndani maneno. Wakisimama mstari mmoja, kitabu kimekamilika. Picha yake, Mwalimu, hebu fikiria picha yake!"

Kumbe umempigia mbuzi gitaa, mama. Mwezi ule ambao ungekuwa wa kusoma ukawa wa kukata karatasi, kufunga utepe na kujifunza kugeuka wote kwa pamoja. Na pale Mwalimu Miwani alipojaribu walau kuwasomesha zile sentensi, mkuu alipita dirishani, akasikia watoto wanakwamakwama, akaingia.

"Hapana, hapana. Wakisoma hivi wazazi watasinzia. Wakariri tu. Kila mtu ashike sentensi yake kichwani."

"Mkuu, kukwamakwama ndiko kusoma kwenyewe. Ndivyo kunavyoanza."

"Siku ya sherehe hatufundishi, Mwalimu."

"Na siku isiyo ya sherehe ni ipi?"

Mkuu alicheka kana kwamba amesikia kichekesho, kisha akamnyooshea kidole Dada Mkubwa. "Na yule mrefu mpe jalada. Jalada halisemi kitu, hataharibu."

Alisema hivyo mbele ya mtoto. Mwalimu Miwani alitaka kumrushia chupa ya gundi, naapa, alishaishika kabisa. Akaiweka chini. Alikuwa na kazi ya kulinda, na mkuu ndiye aliyeandika ripoti za walimu. Hasira ikarudi tumboni, ikakaa huko pamoja na nyingine.

Kutengeneza jalada kulihitaji boksi kubwa, basi msichana akawa anabaki darasani wakati wa mapumziko kumsaidia mwalimu wake. Maboksi yaliletwa kutoka dukani. Mwalimu akikata, alimuuliza bila kuinua uso, "Hapo pameandikwaje?" Dada Mkubwa akijikaza kisabuni: "Sa... bu... ni." Na lile? "We... ka... pa... ka... vu." Baadaye mwalimu alipokuwa akiandika sentensi za watoto kwa kalamu nene, msichana alikaa pembeni akitembeza midomo. Mara nyingi alikosea. Mara nyingine alipatia, na mwalimu akajiambia anabahatisha tu, maana mapumziko ni mafupi na hivyo sivyo mtu anavyofundishwa kusoma. Alikuwa ameshakata tamaa na alijichukia kwa hilo.

Siku ya Kitabu ikafika. Madawati yalisukumwa nyuma, viti vikapangwa, ukutani pakaning'inizwa utepe mpaka rangi ya ukuta isionekane. Wazazi walijaa. Mama yake Dada Mkubwa alikaa karibu na mlango, mtoto mchanga mgongoni, tayari kutoka iwapo atalia. Mbele kabisa alikaa fundi cherehani, mwenye sauti nene, ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa ukurasa wa kwanza.

Mwalimu Miwani alikuwa akiwatafutia wazazi viti, akageuka, akamwona Shamrashamra yuko katikati ya watoto, anawapokonya karatasi na kuwagawia upya.

"Mkuu, unafanya nini?"

"Rangi zimechanganyika! Njano imekaa karibu na kijani, bluu iko peke yake. Nazipanga zianze nyepesi, ziishie nzito. Kwa ajili ya picha."

"Lakini ndani kuna maneno ya kila mtu!"

"Si wameshakariri? Nani atatazama ndani?"

Salale! Mwalimu alifungua mdomo, na mkuu akapiga makofi, na sherehe ikaanza. Watoto wakasimama mstari mmoja, karatasi vifuani, rangi kwa wazazi na maneno kwao wenyewe. Nyuma yao, kichwa na mabega juu ya wote, akasimama Dada Mkubwa ndani ya boksi lake, limeandikwa kwa herufi kubwa: KUKU ALIYEOGOPA KIVULI CHAKE.

Mtoto wa fundi akavuta pumzi. "Hapo zamani palikuwa na kuku mwoga kuliko wote!" alipaza sauti, macho kwenye karatasi. Makofi. Simu zikainuliwa. Wa pili naye, "Alipotoka bandani aliona kitu cheusi kinamfuata!" Makofi tena. Wote macho yao yalikuwa kwenye karatasi, wote walitikisa vichwa kama wasomaji wa kweli, na hakuna hata mmoja ambaye karatasi yake ilikuwa na maneno aliyokuwa akiyasema. Mwalimu Miwani alisimama ukutani uso ukimwaka kwa aibu. Mwaka mzima wa kazi yake ndio huu, akawaza.

"Kuku akakimbia mpaka kisimani!" akasema wa tatu.

"Sivyo."

Sauti ilitoka juu. Watu wakatafuta ni nani.

"Sivyo," jalada likarudia. Dada Mkubwa alikuwa ameinama juu ya bega la mwenzake, boksi likimsukuma mtoto kisogoni. "Hapo hapajaandikwa hivyo. Hapo pameandikwa... 'Ma... ma... ku... ku... a... ka... che... ka.' Mama kuku akacheka."

"Mimi yangu ni kisima!" mtoto akalalamika.

"Kisima anacho huyu." Akasogea upande, akachungulia karatasi nyingine. "'Ku... ku... a... ka... ki... mbi... a... mpa... ka... ki... si... ma... ni.' Umeona?" Akamgeukia mtoto wa kwanza. "Na wewe ulichosema anacho yule pale mwisho."

Shamrashamra akaanza kupiga makofi kwa nguvu ili amfunike. "Asanteni, asanteni! Tuendelee!" Wachache wakamfuata. Lakini msichana alikuwa ameshahamia karatasi ya tatu na hakusimama, alisoma ndani ya makofi, kidole kikipita chini ya maneno juu ya bega la mtu, jasho likimtoka, akikwama na kurudi na kwenda tena. Makofi yakachoka yenyewe. Alipomaliza sentensi, chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza.

Mwalimu Miwani alikuwa amejishika mdomo. Habahatishi, Mungu wangu. Mtoto anasoma.

Hapo fundi cherehani akainuka, akaenda mpaka kwa mwanawe. "Baba, hebu nisomee hapa. Taratibu tu."

Mtoto alitazama karatasi, akajaza kifua. "Hapo zamani palikuwa na kuku mwoga kuliko wote!"

Fundi akaigeuza karatasi, akaisoma mwenyewe. Akaenda kwa wa pili, akamwomba naye asome, naye akarudia yake ya kichwani, kwa furaha, akisubiri makofi. Watu wengine waliokuwa wamesimama na simu wakazishusha. Fundi akageuka. Hakumtazama mkuu wala utepe. Alimtazama mwalimu wa darasa.

"Mwalimu, samahani. Mwaka mzima mmekuwa mkifanya nini humu?"

Mwalimu Miwani angeweza kumnyooshea kidole Shamrashamra. Kidole kilikuwa tayari, hata mkono uliinuka kidogo. Lakini nani aliyekata karatasi? Nani aliyefunga utepe, akaning'iniza kofia, akawafundisha watoto kunguruma?

"Tumekuwa tukisherehekea, Baba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mkuu alikohoa, akafungua mikono, akaanza kusema soda ziko tayari nje na wazazi wote wanakaribishwa.

"Mwalimu mkuu."

Alikuwa Dada Mkubwa tena. Alikuwa amejitoa ndani ya boksi, nywele zimemvurugika, sketi imepanda upande mmoja. Alipita katikati ya kurasa, akasimama mbele ya yule bwana.

"Nimesoma," akasema. "Napanda darasa la tatu?"

"Haya mambo tutazungumza baadaye, binti. Kuna mtihani..."

"Wewe ulisema jalada halisemi. Nimesema. Napanda au sipandi?"

Mlangoni mama yake alikuwa amesimama, akimtikisa mtoto mchanga mgongoni bila kujua kwamba anamtikisa. "Mjibu mtoto, Mwalimu mkuu," akasema taratibu. "Na mimi nataka kusikia."

Shamrashamra alitazama chumba. Wazazi wote walikuwa wanamtazama yeye, na safari hii hakuna aliyempiga picha.

"Ukisoma hivi kwenye mtihani, unapanda," akasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Msichana akageuka kumtafuta mwalimu wake, uso mzima ukicheka. Mwalimu Miwani alimpungia mkono, akajitahidi kucheka naye, na furaha yake ilikuwa ya kweli, wallahi. Kisha akawatazama wale wengine, bado wamesimama mstari mmoja, wameshika karatasi zao vizuri kama walivyofundishwa, wakisubiri waambiwe wageuke.