Laini Haiozi

“Bi Sabaha, hivi laini gani inamfaa mtu kama mimi?”

Clotilda aliuliza hivyo uani, amechuchumaa mbele ya beseni la nguo, povu limempanda mpaka viwikoni. Halikuwa swali la ajabu. Nyumba yote ile ya Kariakoo, vyumba vyake sita na korido yake ndefu, mambo ya simu ilimuuliza Bi Sabaha. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, kazi yake kuuza iliki na mdalasini pembeni mwa soko, na tangu mumewe Nurdin afariki aliishi peke yake chumba cha nyuma. Lakini alikuwa na macho. Alitazama kwanza, akapima, ndipo akasema. Na akisema, kasema.

Maoni alikuwa nayo tele. Kampuni za simu hakuziita kwa majina yao. Moja aliiita Ya Mjini, nyingine Ya Shamba. Ya Mjini ina kasi, alisema, ila bando lake ni barafu kiganjani, hujafumba mkono limeshayeyuka. Ya Shamba inajikongoja, lakini ukipiga Newala unamsikia mpaka jogoo wa jirani. Programu ya kukumbusha sala aliifuta siku ilipomwingizia tangazo la kubashiri mpira katikati ya adhana. Akatafuta nyingine isiyo na matangazo, akawawekea wanawake wote wa darsa. WhatsApp aliikubalia kazi mbili tu, habari za misiba na picha za wajukuu. Angela wa chumba cha mbele alizoea kumtania kwamba kampuni zimpe fulana na mwamvuli akakae barabarani. Bi Sabaha humjibu kuwa mwamvuli ataupokea, fulana wampe Angela, mdomo wa kunadia tayari anao.

Clotilda alikuwa na sababu ya kuuliza. Ubavuni mwa nyumba yao lilikuwa linapanda ghorofa, na kadiri lilivyopanda ndivyo laini yake ilivyozidi kukosa mtandao. Ilikuwa Ya Shamba, ile aliyokuja nayo kutoka Kusini, na sasa ili aongee ilimbidi atoke mpaka barazani, akanyooshe shingo kama twiga. Simu yake nayo ilikuwa ya mtumba, yenye tundu moja tu la laini.

Bi Sabaha alimwambia ahamie Ya Mjini. Clotilda akafuta mikono kwenye kanga, akafikiri.

“Na hii ya zamani? Kuna mtu anaijua hii tu.”

“Iweke kwenye mkoba wako,” Bi Sabaha akasema. “Laini haiozi. Siku ukiitaka, unaichomeka.”

Neno lilimtoka upesi, naye hakuwa mtu wa kusema upesi. Maana alijua kuwa laini huoza. Ikikaa miezi bila kutumiwa kampuni huifunga, kisha namba ile ile hupewa mtu mwingine asiyekujua wala humjui. Katika nyumba ile hakuna aliyelijua jambo hilo kuliko yeye.

Alilijua kwa sababu ya laini ya Nurdin. Alipotoka eda aligawa kila kitu cha marehemu, kanzu, kofia, viatu, hata redio, na watu wakamsifu kwa imani yake. Simu ndogo ya tochi aliibakiza ndani ya sanduku. Kila mwezi aliichaji, akaikwangulia vocha ndogo, akaipiga kutoka kwenye simu yake mwenyewe ili aone jina la Nurdin likitokea kiooni, akasikia ikiita chini ya mto. Ikishaita, akaizima, akairudisha sandukuni. Na huyo huyo Sabaha ndiye aliyesimama darsani kumwambia Shadya, mjane mwenzake, kwamba vitu vya maiti vitolewe sadaka, kuvikumbatia ni kumlalamikia Mungu kwa maamuzi yake. Shadya alilia, lakini alikwenda akavitoa.

Sasa angesemaje pale uani kuwa laini hufa? Angela alikuwa karibu, anachambua mchicha. Angeuliza tu, wewe umejuaje?

Alikusudia kumwita Clotilda faraghani amweleze. Kesho, akasema moyoni. Kesho yake akasema mfungo ukiisha. Hakusahau, angekuwa amesahau, mzigo ungekuwa mwepesi. Kila alipomwona Clotilda akicheka na laini yake mpya ya kasi alijiambia bado kuna muda, mpaka akaacha hata kujiuliza kama muda huo upo.

Mtu aliyeijua namba ile tu alikuwa Aristides, kaka yake Clotilda. Wazazi wao walishafariki, wamebaki wawili. Aristides alivuka Msumbiji kutafuta kazi na hakuwa na simu yake. Aliazima za watu, mara moja moja, na namba ya dada yake aliibeba kichwani. Clotilda alipohama laini alijua kaka huwa hapigi mpaka karibu na Krismasi. Akasema itakapokaribia ataichomeka ya zamani.

Kabla haijakaribia, akaja Fikirini, mfanyabiashara wa korosho anayeshushia mizigo mtaa wa Gerezani. Alimkuta Clotilda kwenye meza yake ya vitambaa akashangaa kumwona mzima. Alikuwa amekutana na Aristides mpakani, amevaa kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Aristides alimsimulia kuwa alipiga namba ya dada yake, akapokea mwanamume, akamwambia huyo Clotilda hapa hayupo, hajawahi kuwepo. Akapiga tena siku nyingine, jibu likawa lile lile. Basi akaamua dada yake amekufa na watu wamerithi simu yake. Amelia, amerudi ndani zaidi ya Msumbiji, na Fikirini hakujua ni mji gani.

Clotilda alifunga meza mchana ule. Laini ya zamani aliitoa kwenye mkoba, akaichomeka. Haikuonyesha hata kijiti kimoja cha mtandao. Kwa simu ya Angela akaipiga namba ile. Akapokea kijana, akaeleza kwa adabu kuwa yupo Mwanza, laini kainunua dukani kihalali, na kweli kuna mtu wa nje alikuwa anampigia. Namba yake hakuihifadhi. Akaahidi kuwa mtu huyo akipiga tena atamwambia, akakata. Clotilda alipompigia mara ya pili kumsisitizia, hakupokea tena.

Jioni Bi Sabaha alimpelekea uji. Clotilda alikuwa amekaa kitandani, macho yamevimba.

“Ni ujinga wangu, Bi Sabaha,” akamwambia. “Wewe ungejuaje?”

Bi Sabaha aliweka bakuli chini. Alifungua kinywa, kikatoka kitu kingine kabisa: anywe uji usipoe. Akaenda kusali magharibi, na katika rakaa ya pili akapotea, hakujua kama amesujudu mara moja au mbili. Akaanza upya. Akapotea tena pale pale.

Asubuhi Clotilda alimgongea mlango, amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ameamua kwenda ofisi ya ile kampuni kuidai namba yake. Akiipata, kaka yake akipiga hata baada ya mwaka, atapokea yeye. Aliomba Bi Sabaha amsindikize. Watu wa maofisini, alisema, wakimwona mtu mzima anayejua mambo watasikiliza. Bi Sabaha alijifunga mtandio, wakaongozana. Njiani mara mbili alimwita jina, na mara mbili Clotilda alipogeuka akamwambia aangalie pikipiki.

Ofisini binti wa kaunta aliwaamkia, “Shikamooni,” akamsikiliza Clotilda mpaka mwisho. Hakuwa na dharau. Alieleza kuwa taratibu ndizo hizo, laini isiyotumika hufungwa, na namba ikishapata mwenyewe mwingine ni vigumu kumnyang’anya. Lakini alipoona machozi ya Clotilda alivuta karatasi. Akasema yapo malalamiko ya wateja ambao kweli hawakujulishwa. Akiyaandika haya vizuri na shahidi akayathibitisha, atayapeleka kwa wakubwa, huenda yule wa Mwanza akaombwa akubali namba nyingine. Hakuahidi.

Clotilda akalidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba.

“Shahidi ninaye. Huyu Bi Sabaha anajua simu kuliko ninyi humu ndani, dada yangu. Mtaa mzima unamuuliza yeye. Na yeye mwenyewe hakujua. Muulize.”

Binti akainua kalamu. “Eti mama? Na wewe ulikuwa hujui?”

Ilikuwa ni kutikisa kichwa tu. Huenda namba ingerudi, huenda kaka angepatikana, na siri ya sanduku ingelala mahali pake. Bi Sabaha aliliona hilo lote kwa pamoja, maana alikuwa mtu wa kuona. Lakini ushahidi wa uongo anaujua ulivyo, ameufundisha. Na uongo wa kwanza ndio uliowaleta pale.

“Andika kuwa yeye hakujua,” akasema. “Hilo ni kweli, na mimi ni shahidi. Mimi nilijua.”

Clotilda akamgeukia, bado ana tabasamu dogo la kumhimiza, kama aliyedhani bibi amekosea kujibu.

“Ulijua jana, baada ya Fikirini kuja.”

“Nilijua siku ile uani. Laini ya marehemu Nurdin ninayo mpaka leo, naitilia vocha kila mwezi isifungwe. Niliona haya kusema mbele ya Angela, nikakwambia haiozi. Nikakusudia kukueleza, sikukueleza. Nisamehe, mwanangu.”

Tabasamu lilibaki usoni mwa Clotilda kitambo, halina kazi, kisha likaondoka. Nyuma yao mtu alikohoa kwenye foleni. Binti wa kaunta aliangalia karatasi yake, akawaangalia wote wawili, akauliza polepole aandike nini sasa.

Clotilda alichukua kalamu kutoka mkononi mwake, akatia sahihi chini ya karatasi iliyokuwa bado haijaandikwa kitu, akamrudishia ajaze aliyoyasikia. Akaning’iniza mkoba begani. Bi Sabaha alinyoosha mkono amshike, Clotilda akaupitia pembeni bila kuugusa, akausukuma mlango wa kioo, akatoka.