Mkimbiaji Asiyetazama Nyuma

"Delvin, safari hii mpira ni wako," alisema Haskell, mrushaji wa timu yao ya mpira wa Kimarekani, wachezaji wakiwa wameinamiana duarani, jasho likiwatiririka. "Wewe timua tu pembeni. Nitakuwekea begani."

"Kweli, au unanitania?"

"Kocha mwenyewe kasema. Anataka kuiona mikono yako kabla hajakata majina ya watakaoachwa kesho."

Jamani, Delvin Broussard alikuwa ameisubiri kauli hiyo tangu alipotoka kwao Louisiana! Timu nne zilimchukua kwa ajili ya miguu yake, maana chuoni alikuwa bingwa wa mbio fupi, na zote nne zilimgeuza chambo. Yeye hutoka mbio, mabeki wawili humfuata wakihema, nafasi ikafunguka katikati, mwenzake akadaka na kushangiliwa. Yeye hurudi mdogo mdogo, mikono mitupu. Sasa goti lilimuuma kila alipopanda ngazi, na hii ilikuwa mechi ya mwisho ya majaribio. Asipodaka leo, hakuna timu nyingine itakayompokea.

Beki aliyemkabili akacheka. "We chambo, hebu nipumzishe leo. Nikufuate mpaka wapi?"

Delvin akainama kwenye mstari. Mchezo ulipoanzishwa alichomoka, na baada ya hatua chache beki yule alikuwa nyuma kabisa. Alikimbia kama alivyofunzwa tangu utotoni: uso umelegea, mabega yametulia, macho mbele. Kwenye mbio fupi, anayegeuza shingo keshapitwa. Mwalimu wake wa riadha alimchapa kofi la kisogo kila alipogeuka, na makofi yale yalimwingia mwilini. Kwa miaka yote ya uchambo, haukuja mpira wa kumfunza vingine.

Alijua kwamba safari hii anapaswa kugeuka autazame mpira. Lakini raha ya kuwaacha watu ilimchukua, akachelewa kidogo tu. Alipogeuka, mpira ulikuwa umeshamgonga begani na kuanguka kwenye nyasi. Hapakuwa na mtu karibu yake. Hata wa kumsingizia hakuwepo.

Uwanja mzima ukaguna. Haskell akashika kichwa. Kocha alimwita mwingine aingie, na hilo lilimuuma Delvin kuliko matusi. Alijua yamekwisha.

Asubuhi, chumbani hotelini, simu ikalia. Alikuwa Odile, bibi yake aliyemlea.

"Mjukuu wangu! Tulikuona kwenye televisheni, mimi na kina mama wa kanisani. Uliwaacha wote! Yule jamaa wa jezi nyekundu alibaki anahema, tukacheka mpaka Eula akamwaga kahawa!"

"Lakini Bibi, ule mpira..."

"Mpira wa nini? Nani alikuwa mbele yako?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi! Nimeshamwambia mchungaji, Jumapili tunatoa shukrani. Haya, Eula huyu hapa, anataka kukupongeza."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Lonnie, msaidizi wa kocha; asubuhi ya kukatwa majina, kila mchezaji anajua Lonnie amefuata nini. Delvin akanyanyua kidole, amsubiri. Lonnie akavua kofia, akaegemea ukuta, akatazama zulia.

"Hongera, mwanangu!" Eula akapaza sauti. "Umekuwa wa kwanza!"

"Ahsante, mama," Delvin alisema, machozi yakimtoka. "Ahsanteni sana."

Nyuma ya Eula kina mama wakaanza kuimba. Delvin akawaacha waimbe beti zote, Lonnie akiwa bado mlangoni.