Kazi za Mkuu

Tangu saa mbili asubuhi Mama Rula alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha usaili, akikunja miguu na kuikunjua. Mara tatu aliinuka kunyoosha tangazo lililobandikwa upande ukutani. Miaka kumi na saba alifundisha usanifu wa michoro chuoni hapo kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukiisha alikaa roho mkononi. Leo aliomba ajira ya kudumu.

Walimwita saa sita. Mezani walikuwapo mwenyekiti wa bodi na Kiwembe, mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi bosi wa idara yao. Jina hilo la utani Mama Rula ndiye aliyempa, kwa jinsi kijana alivyojua kukata karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu," Kiwembe alisema, macho mezani.

"Marahaba, baba."

Mwenyekiti alifunua fomu. "Kufundisha umefundisha, hatubishi. Lakini kazi ulizowafanyia wateja? Hapa hujaambatisha hata moja."

"Zipo, mheshimiwa. Hiyo kalenda ya zamani nyuma yako ni yangu. Nembo ya hospitali, yangu. Vitabu vya darasa la kwanza, michoro yote yangu."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaisogelea kalenda. "Hapa chini naona jina la Mkuu wa Chuo."

Ni kweli. Desturi ya chuo ilikuwa hiyo: kazi yoyote ya mteja hutoka kwa jina la Mkuu, mtu asiyejua hata kuchonga penseli. Na jina lenyewe alilipanga Mama Rula, maskini, akalipanga vizuri kwa herufi safi, maana hajui kuacha kitu kikae vibaya.

"Kiwembe alikuwepo," alisema. "Kalenda hiyo tuliihangaikia siku tatu. Mwambie, baba."

Kiwembe alifungua kalamu, akaifunga. "Mimi nilikuwa mwanafunzi tu. Sikumbuki nani alifanya nini."

Mama Rula alikaza macho kwenye kalenda. Aliona haya kulia mbele ya mtoto aliyemfundisha kushika wembe.

"Tutakujulisha," mwenyekiti alisema.

Nyumbani hakwenda. Alizunguka uwanja wa chuo, akaingia maktaba, akatoka, akarudi darasani kupanga viti vilivyokwisha kupangwa. Saa tisa katibu wa Mkuu alimkuta huko.

"Pole, dada. Nafasi inatangazwa upya. Mkuu anaomba umpangie tangazo liende gazetini leo. Anasema hakuna mwingine anayeliweza."

"Na mkataba wangu?"

"Hilo hakusema. Kasema tu mstari wa umri ukolezwe, herufi ziwe nzito."

Mama Rula aliipokea karatasi ya tangazo, akaisoma. Mwombaji asizidi miaka arobaini. Yeye alikuwa na arobaini na sita.

Aliwasha kompyuta, akauandika mstari ule, akaukoleza. Kisha akasimama, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Kwa mbali ulikuwa bado hausomeki vizuri. Akakaa, akaziongeza herufi ukubwa.