Maharagwe Yasiyo na Miti

Katika vilima vyote vya Kashuga, huko Masisi, hapakuwa na shule yenye vitabu safi kuliko shule ya mwalimu mkuu Papa Benoît. Vilikuwa arobaini, vya picha, vyenye majalada ya kung'aa, na kwa mwaka mzima hakuna mtoto aliyewahi kuvishika. Vilikaa ofisini kwake katika kabati la mbao, nyuma ya kufuli. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya bendera kupandishwa, Papa Benoît alivitoa kimoja kimoja, akavipangusa kwa kitambaa laini, akavirudisha. Wageni wakija, alifungua milango yote miwili wavione, na wengi walimsifu.

Mwalimu Claudette Niyonsenga hakumsifu. Alifundisha darasa la pili, watoto sitini na watatu, nusu wakitoka nyumba za hapo kilimani na nusu kambi ya wakimbizi ya bondeni, na kila alipopita mbele ya kabati lile damu ilimchemka. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na Papa Benoît alikuwa mkubwa wake, kwa hiyo alimeza mate akaendelea na chaki yake. Angekuwa anameza mate mpaka leo, kama si siku ya Tumukunde.

Siku hiyo walikuwa katika somo la tisa. Darasa zima lilikuwa na vitabu sita vya kusomea, vikuukuu, vya maandishi matupu, na kila kimoja kilizungukwa na watoto kumi. Wengine walikiona kwa ubavu, wengine kwa juu chini. Tumukunde, msichana wa miaka minane mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alisimama, akakishika kitabu mbele ya uso, akasoma mistari yote mitano bila kujikwaa. Mama analima. Mama anapanda maharagwe. Maharagwe yanaota. Wenzake wakampigia makofi. Claudette naye alikuwa ameshainua mikono apige, ndipo alipoona kwamba mtoto amekishika kitabu kichwa chini miguu juu.

Hakumgombeza. Alimuuliza tu maana yake, polepole, "Tumukunde, ile maharagi umesoma, njo nini?"

Tumukunde akafikiri sana. "Iko somo ya tisa, Madame."

"Nani atamusaidia mwenzake?"

Mikono thelathini ikapanda juu. "Somo ya tisa, Madame!"

Na hao ni watoto waliopita shambani asubuhi ileile. Wengine walikuwa na udongo wa palizi kwenye kucha. Walikula maharagwe jana, wangekula leo, na kesho wangeyalalamikia kama kawaida yao. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba maharagwe ya kitabuni na maharagwe ya sufuria ya mama yake ni kitu kimoja. Claudette aliona aibu kweli, maana aliyewafundisha kuimba hivyo ni yeye mwenyewe.

Wakati wa mapumziko alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Papa Directeur, ninaomba vile vitabu vya picha."

"Unataka kuviangalia?"

"Ninataka batoto babipeleke ku nyumba. Basome pamoja na bamama yabo."

"Ku nyumba!" Papa Benoît alisimama kabisa. "Mu moshi? Mu matope? Madame Claudette, weye unajua vile ile kartoni ya vitabu ilifika hapa."

Alijua, kilima kizima kilijua. Shule hiyo ilikuwa imekimbiwa mara mbili kwa sababu ya vita. Mara ya pili, watu waliporudi, walikuta madaftari yote yamewashiwa moto wa kupikia, hata rejista ya majina ya wanafunzi. Baadaye shirika moja lilipotuma ile kartoni, pikipiki ilikwama kwenye tope huko chini, na Papa Benoît, mtu mzima mwenye wajukuu, aliibeba kichwani mpaka juu huku mvua ikinyesha. Koti lake alilivua akaifunika kartoni. Alifika akitetemeka, akaapa kwamba karatasi haitapotea tena mikononi mwake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mtu aliyewahi kupoteza vitabu, basi.

Kwa hiyo Claudette hakupaza sauti. Alisimama tu pale mbele ya meza, na kwa kusimama hakuwa na mpinzani. Papa Benoît alijaribu kuandika, akajaribu kukohoa, akajaribu kutazama dirishani. Mwisho akaweka kalamu chini.

"Kimoja," alisema. "Mutoto mumoja. Kinatoka vendredi, kinarudi lundi. Kikirudi safi, nafungua hii armoire ya vitabu, babebe yote. Kikirudi na doa, ata moja tu, armoire inabakia yenye kufungwa, na hautaniuliza tena."

"Njo vile, Papa Directeur," alisema Claudette, akatoka kabla mzee hajabadili mawazo.

Ijumaa ilipofika, alichagua mtoto kwa hesabu zake. Nishimwe alikuwa binti wa Mukasine, na Mukasine alikuwa mwanamke anayefagia uwanja mara mbili kwa siku na kuwasugua watoto wake miguu kwa jiwe mpaka wanalia. Kama kuna nyumba ambamo kitabu kingetoka salama, ni hiyo. Halafu akachagua kitabu, kile cha mama na shamba lake la maharagwe, kwa sababu ya lile somo la tisa. Akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, juu yake kitambaa, akamkabidhi Nishimwe kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga. Nishimwe, ambaye hata siku za kawaida alisema maneno machache, alikikumbatia akaondoka.

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa, na Claudette alikaa mlangoni kwake akiiangalia kwa chuki. Jumapili kanisani alimwona Mukasine viti vitatu mbele yake, ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mahubiri yalimpita Claudette bila kugusa. Walipotoka, Mukasine alimsalimu harakaharaka, akasema, "Madame, lundi tutaonana," na huyo akaondoka.

Jumatatu aliwaona kutoka mbali, mama na mtoto, wakipanda mteremko kwa mwendo wa watu wasiotaka kufika. Mukasine alikuwa amekishika kitabu yeye mwenyewe.

"Madame, usimugombeze," alisema kabla ya salamu. "Kosa njo yangu."

Claudette akafungua kitambaa, akafungua mfuko, akafungua kitabu. Kwenye kona ya jalada kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu, ya mafuta ya mawese. Hiyo peke yake ilitosha kummaliza. Lakini ukurasa wa sita ulikuwa na makubwa zaidi. Pale mchoraji alikuwa amemchora mama mwenye kilemba chekundu, amesimama katikati ya shamba, maharagwe yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Chini iliandikwa: Maharagwe ya mama yamekua. Mama anafurahi. Na sasa, kando ya kila shina, kulikuwa na mstari mweusi wa mkaa, umesimama wima kutoka ardhini mpaka mawinguni. Ilikuwa mistari kumi na mmoja, na kwenye kumi ya kwanza kamba za maharagwe zilizunguka zikipanda.

"Nishimwe, mutoto wangu," alisema Claudette, "umeniua."

"Alikuwa ananisomea, Madame," alisema Mukasine. Mukasine hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na alilisema hilo neno, ananisomea, kana kwamba analionja. "Njo mara ya kwanza mutu ananisomea kitu mu nyumba yangu. Akaweka kidole, akasema maharagi ya mama imekua, mama anafurahi. Nikaangalia picha. Nikasema, mama gani huyu anafurahi na maharagi yenye kulala chini? Miti iko wapi? Nikamuambia, soma tena, pengine umeruka fasi moja, pale baliandika miti. Akasoma tena, neno kwa neno. Hakuna miti. Tukageuza makaratasi yote, mupaka mwisho. Hakuna!"

Kwenye vilima hivyo maharagwe hupanda juu kwa kuzunguka mti. Mtu hukata miti na matete, anachomeka mmoja mmoja, na asiyefanya hivyo anavuna uozo. Yule mchoraji bila shaka alikaa kwao, mahali maharagwe yanapoota mafupi yakajisimamia, na hakuwahi kumuuliza mtu wa Masisi.

"Halafu mvua ikaanza," alisema Nishimwe.

Wote wawili wakamtazama.

"Mvua ikaanza, na maharagi ya ule mama ingeoza yote. Njo nikakamata kaa mu moto."

Claudette akachuchumaa mbele yake. "Nishimwe, hii maharagi ya kitabu, njo nini?"

"Iko kama yetu, Madame," alisema Nishimwe. Akafikiri kidogo. "Lakini ule mama iko muvivu."

Claudette alicheka mpaka akashika ardhi. Halafu kicheko kikaisha, akakumbuka kabati. Mfukoni alikuwa na kifutio. Mkaa hufutika vizuri, na hiyo alama ya mafuta ingeweza kusuguliwa ikabaki kivuli tu, na macho ya Papa Benoît hayakuwa ya ujana. Vitabu arobaini vingetoka. Alikiweka kifutio juu ya mti wa kwanza, Nishimwe akakitazama. Claudette akaona kwamba anataka kufuta kitu kilekile alichokuwa anakitafuta tangu siku ya Tumukunde. Kama ni kukosa vitabu, afadhali akose hivyo. Akarudisha kifutio mfukoni.

"Tuende," alisema.

Papa Benoît alikuwa mbele ya kabati na kitambaa chake mkononi, mlango mmoja wazi. Akakipokea kitabu, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kile kidole gumba.

"Doa," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote ya kushinda. Akafungua. Alipofika ukurasa wa sita akasimamisha kidole. "Na hii?"

"Nishimwe," alisema Claudette, "somea Papa Directeur."

Mtoto akasogea, akaweka kidole kwenye karatasi, akasoma taratibu, kidole kikifuata kila neno. Maharagwe ya mama yamekua. Mama anafurahi. Kisha akainua macho. "Haikukuwa na miti, Papa Directeur. Njo niliiwekea."

Claudette alimjua mkubwa wake, na alisubiri mvua ya maneno. Haikuja. Papa Benoît alikuwa na shamba nyuma ya shule, na miti yake ya maharagwe, aliyoichagua mmoja mmoja na kuichonga kwa panga, ilisifiwa kilima kizima. Alivaa miwani yake. Akakisogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu wa mwisho," alisema, "umeuweka mbali na shina. Itaushika namna gani?"

"Itajinyoosha," alisema Nishimwe.

"Hapana, hapana. Upepo ikipita, inaanguka yote. Muti unaweka hapa. Karibu." Na Papa Benoît akatoa kalamu ya Bic kwenye mfuko wa shati, akachora mti, wa bluu, ulionyooka vizuri, katikati kabisa ya kitabu safi cha shule.

Halafu akaiona kalamu mkononi mwake.

Mukasine aliziba mdomo, lakini safari hii mkono haukutosha. Papa Benoît hakumjali. Alikaa kwenye kiti chake polepole, bado ameshika kitabu.

"Mwaka muzima niko napangusa hiki kitabu," alisema. "Kila lundi. Na mimi ni mulimaji. Sikuona kama hakuna miti."

Claudette alimwonea huruma, na papo hapo akampenda kuliko siku zote. Papa Benoît akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani, akausukuma kwa kidole kimoja upande wa Claudette.

"Nafikiri zile zingine nazo ziko na makosa," alisema.

"Mingi sana, Papa Directeur," alisema Claudette kwa uso mkavu. "Lazima batoto baangalie."

Vitabu havikungoja Ijumaa. Siku hiyohiyo, baada ya mapumziko, Claudette aliingia darasani na kartoni, na Papa Benoît akamfuata akisema msivikunje, msivilambe, halafu akabaki amesimama mlangoni na kitambaa chake kisicho na kazi. Tumukunde alipewa cha ng'ombe. Alisimama, akakishika mbele ya uso kama alivyozoea, juu chini, akavuta pumzi kujaza ile sauti yake.

Sauti haikutoka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia picha, na uso wake umekunjamana.

"Madame," alisema, "hii ng'ombe iko chali. Itakufa." Na upesi, kabla haijafa, akakigeuza kitabu.