Kifurushi Kilichokuwa Mezani

Askari walipomwita kinyozi, upekuzi ulikuwa umekwisha. Mteja wake alibaki kitini, kichwa nusu kimenyolewa. Mpelelezi mwenye koti la kijivu alisimama mlangoni akasema, "Mzee, njoo mara moja. Tunahitaji shahidi ambaye si askari."

Walimpeleka chumba cha jirani, kwa kijana ambaye mtaani waliitwa Mpole kwa kuwa hata akidai chenji yake alinong'ona. Godoro lilikuwa limepinduliwa, nguo zimetapakaa. Mpole alikuwa ameketi sakafuni, mikono ndani ya pingu. Mezani palikuwa na kifurushi cha nailoni chenye unga mweupe.

"Tumekitoa chini ya godoro," mpelelezi alisema. "Tia sahihi hapa kwamba umeshuhudia."

Kinyozi akamtazama Mpole. Mpole akatazama ukuta. Basi kinyozi akatia sahihi, na moyoni alifurahi. Mwanawe wa kiume aliuawa na unga kama huo. Walimkuta amejikunja ndani ya choo cha kulipia, sindano bado mkononi. Mkewe aliamini, bila kuyumba, kwamba Mpole ndiye aliyemuuzia. Alipopata habari kuwa kijana kakamatwa, mama yule alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanawa uso. "Sasa mwanangu atapumzika," alisema.

Siku ya ushahidi mahakamani, mkewe alikaa benchi la mbele. Wakili wa Mpole, mwanamke mfupi mwenye mafua, alisimama.

"Mzee, ulipoingia, kifurushi kilikuwa wapi?"

"Mezani."

"Ulikiona kikitolewa chini ya godoro?"

Neno moja tu lingetosha, na nani angembishia? Alihisi macho ya mkewe shavuni kama joto la jiko.

"Sikuona," alisema.

"Kilitiwa kwenye bahasha na kupigwa lakiri mbele yako?"

"Hapana. Mpelelezi alikitia mfukoni mwa koti lake, akatoka nacho."

Hakimu aliposoma uamuzi hakupandisha sauti. Sheria, alisema, inataka shahidi huru aone upekuzi unavyofanyika, si aitwe kuonyeshwa kilichopatikana. Inataka kielelezo kifungwe papo hapo, mbele ya anayepekuliwa, ili kisibadilike njiani. "Sisemi kifurushi hiki si cha mshtakiwa. Nasema sikuthibitishiwa ni chake." Mpole akaachiwa.

Nyumbani, mkewe hakuvua hata viatu.

"Ungesema neno moja tu."

"Sikuona, mama watoto."

"Na mwanangu kaburini, ulimwona au hukumwona?"

"Askari wakizoea kufunga watu kwa vitu vya mfukoni, kesho itakuwa zamu ya mtoto wa mwingine."

"Wa mwingine!" Akacheka kicheko kikavu. "Mimi nimebaki na nani wa kufungwa?"

Akafunga nguo zake, akaenda kuishi kwa binti yao.

Mtaa nao ukamgeuzia kisogo. Wateja wa miaka yote walipita na nywele kama vichaka, wakajifanya wanazungumza kwenye simu. Fundi viatu peke yake ndiye aliyesimama, naye ni kwa ajili ya kumtania. "Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wewe umejinyoa, tena bila maji!" Kinyozi akacheka kwa kushukuru, maana ndiyo sauti ya kwanza iliyomsemesha tangu asubuhi.

Kisha Mpole akaja, begi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nahama. Nimekuja kushukuru."

"Usinishukuru. Sikusema kwa ajili yako." Kinyozi akasogea karibu. "Kilikuwa chako?"

Mpole akaliweka sawa begi begani. Akashusha macho, akaondoka.

Kinyozi alipiga simu kwa binti yake.

"Mama amelala, baba."

Jua lilikuwa utosini. "Mwambie nimepiga."

"Nitamwambia."

Chumba cha Mpole kilipata mpangaji mwingine, kijana mgeni anayefanya kazi ghalani, asiyejua lolote la mtaa ule. Akaja kunyolewa. Ili tu kuvunja ukimya, akauliza, "Mzee, unaishi peke yako hapa?"

Kinyozi alikusudia kujibu kwa neno moja. Badala yake akajikuta anaanza na mwanawe, alivyokuwa mtundu, alivyojificha chini ya kiti hiki hiki akiogopa kunyolewa. Akaja kwenye choo, kwenye meza, kizimbani, mpaka siku mkewe alipofunga nguo zake. Hakujipamba. Hata ile furaha ya wakati wa kutia sahihi aliisema. Mgeni alisikiliza, akimtazama kupitia kioo.

"Na mama, amerudi?"

"Bado."

Akampangusa shingo kwa taulo, akakunja kitambaa. Kazi ilikuwa imekwisha zamani, lakini mgeni hakuinuka kitini.